Nilivyoukimbiza Moyo kama Maksai

Kama moyo wako umeanza kuruka kifuani bila sababu, na umekaa hapo unajiuliza umwambie nani, soma haya. Mimi si daktari na sitakufundisha mambo ya mishipa. Nitakueleza ujinga nilioufanya, basi. Mpaka leo nikiukumbuka nasikia kichefuchefu, na afadhali kichefuchefu hicho kikufae wewe kuliko kukaa bure tumboni mwangu.

Jina langu ni Ekiru, Mturkana wa Isiolo. Miaka ya sabini nilikuwa mswagaji wa ng'ombe. Matajiri wa mjini, wale ambao babu zao waliletwa na Wazungu wakiwa askari wakabaki hapa kufanya biashara, walinunua maksai kule Sericho, nasi tukawaleta kwa miguu. Siku kumi, siku kumi na mbili, jua utosini, vumbi puani. Wenzangu walitembea. Mimi nilikimbia. Ng'ombe akichomoka kundini, hawakuuliza nani aende, walisema tu, "Ekiru." Nami nilipenda kuitwa. Nilikuwa na miguu na nilijua ninayo, na mtu wa namna hiyo hana masikio.

Kuna mambo mawili ya kazi hiyo lazima uyajue, la sivyo hutaelewa jinsi nilivyokaribia kujiua bila kukusudia.

La kwanza ni maksai mkaidi. Kila kundi lilikuwa naye mmoja, anayerusha mateke na kutaka kurudi alikotoka. Maksai kama huyo hapigwi. Ukimpiga anazidi. Unamwacha akimbie, nawe unakimbia ubavuni kwake, unamsukuma aongeze mbio mpaka ulimi utoke na miguu itetemeke. Akichoka, ataingia kundini mwenyewe na hatakusumbua tena mpaka mjini.

La pili ni mafuta. Kabla ya kila safari Mama alinisafisha tumbo. Aliyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo kwenye sufuria, akatia maganda ya mti mchungu ambao sitautaja jina, maana najua kuna mtu atasoma hapa akaenda kuutafuta. Akachemsha mpaka yakawa na rangi ya mkojo wa punda. Unapewa kikombe cha bati kimejaa, na lazima ukimalize kikiwa moto, kwa sababu yakipoa yanaganda mdomoni, unabaki na utando mweupe kwenye meno na midomo. Harufu yake ni ya sufu iliyolowa na nyama iliyolala. Halafu unatapika. Unatapika na kuharisha tangu asubuhi mpaka jua linapinda, mpaka kinachotoka ni maji ya manjano, na Mama anainama kuyaangalia na kusema, "Sawa. Nyongo imetoka. Sasa uko na miguu."

Kila mswagaji alifanya hivyo. Hatukuiita dawa. Dawa ilikuwa kitu cha mgonjwa. Hii ilikuwa kama kunawa uso.

Moyo wangu uliniasi mara ya kwanza kiangazi kimoja, siku ya tatu kutoka Sericho. Nilikuwa nimemrudisha maksai mmoja mwekundu, nikasimama kunywa maji, na kabla sijafungua kibuyu nikasikia kitu kinagaagaa kifuani kama mbuzi aliyetiwa kwenye gunia. Hakikwenda mbio tu. Kilikwenda ovyo. Mara tatu za haraka, kimya, moja kubwa, kimya, tano za kukimbizana. Jasho baridi likanitoka. Nikakaa chini.

Galgalo, Mborana niliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, akaja akaweka kiganja kifuani kwangu. Alikaa hivyo kidogo, akacheka.

"Hii moyo yako ni maksai ya Sericho," alisema. "Inataka kurudi nyumbani."

"Nifanye nini?"

"Kwani maksai tunafanya nini? Kimbiza mpaka ichoke."

Nami nikasimama, nikakimbia. Macho yaliona giza, mate yakawa mazito kama uji, nikaendelea mpaka kwenye kichaka cha mbele na kurudi. Nilipofika, moyo ulikuwa umetulia. Labda ungetulia hata kama ningelala usingizi, lakini nani angeniambia hivyo? Galgalo alinipiga begani, tukaendelea na safari. Nilijiona fundi.

Nilifanya ujinga huo miaka miwili na zaidi. Moyo ukiruka, nakimbia. Mara nyingine ulitulia, mara nyingine ulichelewa, na ulipochelewa nilisema sijakimbia vya kutosha. Mke wangu Selina aliniona siku moja nikizunguka nyumba yetu mbio, mvua za masika zinanyesha, matope mpaka magotini, mkono kifuani. Alisimama mlangoni na mtoto wetu Ewoi mgongoni.

"Baba Ewoi, unakimbizwa na nani?"

Sikumwambia. Niliona aibu, na aibu ikinishika huwa nakuwa mkali, kwa hiyo nilimwambia arudi ndani aangalie chungu chake.

Mwili ulianza kunichukiza. Ukiwa na ugonjwa huu, kila baada ya moyo kuruka unakojoa kama ng'ombe aliyetoka mtoni, huna pa kujificha, na mbele ya wanaume kumi inabidi usimame kila baada ya hatua chache. Baadaye miguu ikaanza kuvimba. Nilikuwa nikibonyeza kidole kwenye kifundo, kishimo kinabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Miguu yangu, ile iliyofanya niitwe kwa jina, ikawa minene na laini kama ya mtu aliyekufa maji. Nilishindwa kuitazama. Nilivaa suruali ndefu hata kwenye joto la kiangazi. Na Mama alipoona uvimbe, akasema tumbo limejaa nyongo, likashuka miguuni. Akaongeza vikombe.

Nilianguka pale pale Isiolo, mbele ya zizi la mnada, kundi likiingia. Maksai mmoja alichomoka, mtu akaita, "Ekiru," na miguu ikaondoka kabla sijafikiri. Nilipiga hatua ishirini hivi. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye samadi mbichi, mdomo umejaa, puani imeingia, na juu yangu kuna wanunuzi wamevaa kofia safi wananitazama. Hakuna aliyetaka kunigusa, na siwalaumu, hata mimi nisingejigusa. Ni tajiri wangu, Mwislamu mmoja mtu mzima tuliyemwita Haji, aliyevua kilemba chake akanifuta uso nacho. Kilemba cheupe. Alinifuta mpaka ndani ya midomo. Kisha akawaamuru vijana wanipakie kwenye lori lake. Nimesahau mambo mengi ya mwaka ule, lakini kilemba kile sikisahau.

Kutoka Isiolo nilipelekwa hospitali ya misheni huko juu Meru. Mimi ni mtu wa joto. Baridi ile ya asubuhi, ukungu unaingia mpaka wodini, na benchi la kusubiri limetengenezwa kwa mbao nyembamba zinazokukata makalio. Tulikaa pale watu arobaini. Mmoja anakohoa kwenye leso, anafungua anaangalia, anakunja. Mwingine kidonda chake kimefungwa na kitambaa cha kanga, nzi wamejipanga juu yake. Na mimi, nikinuka mafuta ya kondoo. Ndiyo, nilinuka. Mafuta yale yakikuingia yanatoka kwenye jasho. Mwanamke aliyekaa karibu nami alihama polepole, akijifanya anamtafutia mtoto nafasi.

Daktari alikuwa mama wa Kimeru, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alinilaza, nesi akanipaka kifuani kitu baridi chenye utelezi ili nyaya za mashine zishike. Nikashtuka.

"Hata hapa mnatumia mafuta?" niliuliza.

"Hii si mafuta," nesi alisema. "Lala, usiongee."

Mashine ikatoa ukanda mrefu wa karatasi. Daktari aliusoma kama mtu anayesoma barua ya mtoto mtukutu. Akanieleza kwa maneno machache kwamba moyo wangu umepoteza mpangilio, na mbio nilizozipiga miaka yote hiyo, na kuukimbiza ukiwa umechafuka, zimeuchosha zaidi. Alinipa vidonge, vingine vya moyo na vingine vya kutoa maji miguuni.

"Kukimbia umemaliza," alisema. "Lakini usilale kitandani kama maiti. Tembea. Kila siku, polepole, uweze kuongea huku unatembea. Unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hapana," nilisema.

Sikudanganya. Naapa sikudanganya. Mafuta hayakupita hata akilini mwangu. Ungeniuliza kama ninanawa uso, hapo ningesema ndiyo.

Nilirudi nyumbani na vidonge kwenye bahasha. Miguu ilipungua, nikaanza kulala vizuri. Selina alinipa vidonge kila asubuhi kabla ya chai, na kila jioni alinisindikiza kutembea mpaka kwenye mashamba ya upande wa Burat na kurudi. Vuli ilikuwa imeanza, mahindi ya watu yalikuwa yanachipuka. Nilitembea kama mzee. Wanajeshi wa kambi iliyo karibu na mji walinipita wakikimbia, wanaimba, nami nikawatazama kwa chuki. Lakini nilikuwa hai, na siku nyingine nilicheka.

Mama ndiye hakufurahi. Aliishi nyumba ya pili katika uwanja huo huo, na kila siku alikuja kuniangalia macho na ulimi.

"Hiyo dawa ya daktari ni nzuri," alisema. "Lakini inaingia kwa tumbo chafu. Utaweka maziwa mapya ndani ya kibuyu haijaoshwa?"

Niliona ana hoja. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: niliona ana hoja. Nikanywa kikombe. Wiki iliyofuata nikanywa kingine, na kingine tena, na vidonge juu yake.

Selina alisema, "Mama, daktari hakusema hivi." Mama akamjibu bila kugeuka, "Mama Ewoi, huyu nilimzaa mimi." Tangu siku ile Selina aliacha kupikia jiko moja na Mama, na mimi nilikaa katikati yao nikijifanya sioni, maana ilikuwa rahisi.

Kabla vuli haijaisha nikaanza kutapika hata bila kikombe. Chakula kilinikinai, hata harufu ya maji ilinikinai. Halafu asubuhi moja nikaamka nikaona dunia ya manjano. Ukuta ni wa manjano, maziwa ni ya manjano, uso wa mtoto wangu ni wa manjano. Nilifikiri ni jua. Nikamwita Mama nikamwambia. Akanifungua jicho kwa kidole, akaguna.

"Unaona sasa? Nyongo imepanda mpaka kwa macho."

Akaenda kuyeyusha mafuta.

Nilikunywa kikombe hicho kikubwa kuliko vyote. Nilikinywa mwenyewe, hakuna aliyenishika pua. Nilimaliza nikalamba ukingo, kama mtoto anayetaka kusifiwa. Baada ya hapo moyo haukuruka tena kama mbuzi. Ulipiga mara moja, ukakaa, ukakaa, ukakaa, nami nikawa nausubiri, kisha ukafurukuta na kusimama tena. Mikono na miguu ililegea. Nilijichafua kitandani, pande zote mbili, nikalala humo nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, na sikuwa na nguvu ya kusogea hata kidogo nitoke kwenye uchafu wangu. Selina aliniosha. Kisha akatoka kwenda kwa Haji kuomba lori.

Tulipofika Meru daktari aliniangalia mara moja akaita manesi wawili. Waliniwekea maji kwenye mshipa. Akamwuliza Selina nimekula nini. Selina akafungua mkoba wake wa kanisani, akatoa chupa ya jamu iliyofungwa kwa plastiki, akaiweka mezani. Ndani yake kulikuwa na masazo ya kikombe changu, yameganda, meupe juu na kahawia chini, maganda yameng'ang'ania kiooni.

"Hii," Selina alisema. "Kila wiki."

Daktari alifungua. Alinusa, akageuza uso upande, akafunga haraka. Nimeona watu wengi wakichukizwa, lakini yeye alijaribu kuficha, na hilo lilinifedhehesha zaidi.

"Ulisema hutumii dawa nyingine," aliniambia.

"Hiyo si dawa. Ni ya kusafisha tumbo."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Akanieleza taratibu kwamba kila nilipotapika na kuharisha nilimwaga chumvi ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Niliimwaga hivyo miaka yote ya safari, kisha nikaenda kukimbia juani. Na chumvi hiyo ikiisha, kidonge chake chenyewe kinageuka sumu. Ile manjano niliyoiona ni ya kidonge, haikuwa nyongo.

"Kikombe kimoja zaidi," alisema, "na huyu mke wako angerudi Isiolo na jeneza."

Nilikuwa nimegeukia ukutani.

Nilikaa wodini mpaka mvua zikakatika. Walinilisha ndizi. Ndizi asubuhi, ndizi mchana, zilizoiva na za kuchemshwa, daktari alisema zina chumvi ile ninayoihitaji. Mimi nimekulia maziwa na nyama. Ndizi iliyoiva ni kama kula sabuni tamu, inateleza kooni kabla hujakubali. Nilizila zote. Mzee wa kitanda cha jirani, Mmeru, alinitazama kwa furaha isiyo na aibu.

"Mturkana anakula ndizi," alimwambia nesi. "Leo nimeona."

Nilimchukia siku mbili, kisha akawa ananimenyea.

Kazi iliyobaki ilikuwa nzito kuliko ndizi. Ilikuwa kumwambia Mama. Daktari alikuwa amesema wazi: nikigusa kikombe kile tena, nitakufa. Na mama yangu alikuwa ananisubiri nyumbani, amechinja kondoo. Selina aliniuliza njiani kama amwambie yeye. Nilisema hapana, maana akisema yeye watakuwa maadui mpaka kaburini.

Nilimkuta Mama ameketi mlangoni kwake. Sufuria ilikuwa juu ya mawe matatu, bado haijawashiwa moto.

"Mama, sitakunywa tena," nilisema. "Hayo mafuta yalikuwa yananiua."

Aliitazama sufuria yake, akanigeukia.

"Nilikupa sumu?"

Hapo ningeweza kusema neno zuri. Ningeweza kusema hukujua, sikujua, hakuna aliyejua, na lingekuwa kweli tupu. Lakini nilikuwa nimechoka, na harufu ya mkia wa kondoo uliokatwa ilikuwa imenijaa puani. Nikatapika pale pale, mbele ya miguu yake, ndizi za Meru. Yeye akaona hilo ndilo jibu langu.

Alimwaga sufuria kwa mbwa. Tangu siku hiyo hakuvuka mlango wetu. Nilimpelekea chakula, akala, akasema asante kama mgeni. Alinisalimia habari ya asubuhi, akageuka. Kiangazi kizima kilipita hivyo. Nilitembea kila siku mpaka Burat na kurudi, kwanza kwa kupumzika mara nne, baadaye mara mbili, baadaye bila kupumzika. Haji alinipa kazi ya kupokea ng'ombe zizini na kuwagawa, kazi ya kusimama na kupiga kelele. Galgalo alikuja siku moja, akanivuta pembeni, akaweka mkono wangu kifuani kwake. Yeye naye. Safari hii hakucheka.

"Usiikimbize," nilimwambia. "Panda lori la kesho uende Meru. Na wakikuuliza unakunywa nini, sema yote, hata yale ambayo si dawa."

Wewe unayesoma, nakuambia hivyo hivyo. Sema yote. Beba chupa ukishindwa kusema.

Mvua za masika ziliponyesha, asubuhi moja nilikuwa nimeketi nje nikifunga viatu vya kutembea. Mama akatoka kwake, akavuka uwanja wenye matope, mkononi ana kikombe cha bati. Kile kile. Kinatoa mvuke. Akaninyooshea.

Nilipokea. Mkono wangu, bila kuniuliza, ukakipeleka puani kabla ya mdomoni, nikanusa. Ilikuwa chai, maziwa na sukari basi. Nilipoinua macho, Mama alikuwa ananitazama. Alikuwa ameniona nikinusa.

Nilitaka ardhi inimeze. Hakuna mafuta wala samadi wala kitanda kilichochafuka kilichowahi kunitia kinyaa kama nilivyojitia mwenyewe dakika ile.

Hakukasirika. Alikichukua kikombe mkononi mwangu, akanywa mbele yangu, mafunda makubwa ya moto, mpaka nusu. Akafuta mdomo, akanirudishia.

"Kunywa," alisema. "Halafu uende kutembea."

Mama aliishi miaka mitano baada ya hapo. Kila asubuhi aliniletea chai, na nilimwomba mara nyingi aache, nilimwambia siogopi, nilimwambia sinusi tena. Alinisikia tu. Mpaka wiki aliyofariki, kila kikombe alichonipa kilinifikia kikiwa nusu.